Hildegarda Ameondoka

Hildegarda Haule alikuwa na mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Wateja walimwita Mama Debora, kwa jina la bintiye wa kwanza aliyekuwa chuoni Morogoro. Chapati zake zilikuwa na sifa. Kuna madereva walioipita Iringa nzima bila kula ili wafike kwake na njaa ya kutosha.

Kitu kingine kilichokuwa na sifa ni simu yake. Hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo simu. Mkono wa kulia uligeuza chapati, kidole gumba cha kushoto kilisukuma kioo, na macho yote mawili yalikuwa upande wa kushoto. Alikuwa kwenye grupu la ukoo wa mumewe na grupu la ukoo wa baba yake. Alikuwa kwenye la jumuiya, la kwaya, la mama lishe, la wazazi wa shule ambayo Debora alishaimaliza, la kamati ya harusi ambayo maharusi wake sasa walikuwa na mtoto wa pili, na la kupika keki, ingawa hakuwa na jiko la keki. Kulikuwa na moja ambalo jina lake lilikuwa nukta tu. Hakujua nani alimwingiza humo, lakini kila asubuhi mtu fulani alimtakia siku njema kwa picha ya waridi, naye aliona vibaya kutojibu.

Mumewe, Stefano, aliendesha mashine ya kusaga nafaka Kilosa mjini na kurudi Mikumi mwisho wa wiki. Alikuwa mtu mpole. Zamani alikuwa akifika na habari za wiki nzima. Siku hizi alizungumza huku mkewe akiitikia "ee" na "kumbe" bila kuinua uso, na mara moja, kwa kumjaribu tu, alimwambia kwamba simba aliingia mashineni akasaga madebe mawili ya mahindi akaondoka.

"Vizuri, mume wangu," Hildegarda akasema. "Mungu ni mwema."

Mambo yaliharibika Jumatano moja asubuhi, wakati wa chai, mgahawa ukiwa umejaa. Mtu wa grupu la mama lishe alituma video ya nyani aliyeingia jikoni kwa watu, sijui nchi gani, akabeba mkate. Hildegarda akaifungua akiwa amesimama mbele ya jiko, mgongo ameuelekeza barabarani, na bakuli la chapati limekaa juu ya benchi nyuma yake. Akaanza kucheka. Wateja nao wakaanza kucheka. Akafurahi kwamba wenzake nao wameipata.

"Mama Debora!" akaita Loveth, mama mwenzake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, kutoka kwenye meza za mbele.

"Subiri kidogo, huyu nyani kabeba mkate mzima!"

"Mama Debora, nyani!"

"Si ndiyo namwangalia!"

Nyani alikuwa nyuma yake. Alikuwa dume kubwa, mmoja wa wale wanaokaa kwenye lami kusubiri maganda ya ndizi kutoka kwenye mabasi. Alipanda juu ya benchi, akafungua bakuli, akachukua chapati, akaikunja. Kisha, badala ya kukimbia kama nyani wenzake wenye adabu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka mkono mmoja kwenye bega la Hildegarda, na akiwa anatafuna akachungulia kwenye kioo kuona ni nini hicho kinachochekesha.

Hildegarda alidhani ni Loveth. Akainua simu kidogo ili naye aone vizuri.

Waliokuwepo wanasema waliangalia video pamoja mpaka mwisho. Ilipoisha ndipo nyani akarudi kwenye bakuli, akabeba zilizobaki zote, akavuka barabara bila haraka. Hildegarda akageuka, akaona bakuli tupu, akaona watu wazima wamelalia meza kwa kicheko, na mtu mmoja ameinua simu juu akirekodi. Alikuwa Frank, dereva wa lori la mbao, mteja wake wa siku zote.

Kufika mchana video ilikuwa imeshafika kila mahali. Hildegarda aliipata kwanza kutoka kwaya. Halafu ikaja kutoka jumuiya, kutoka keki, kutoka kwa wazazi wa shule. Hata yule wa waridi kwenye grupu la nukta aliituma. Sura yake haikuonekana. Ulionekana mgongo, kilemba, na nyani aliyetulia kama mtu aliyekata tiketi. Kwa hiyo kila mmoja alisema alichojisikia.

Shemeji yake Ditram, kaka mkubwa wa Stefano, aliyekuwa msimamizi wa grupu la ukoo, aliandika kutoka Kimamba: "Wanawake wa siku hizi! Huyo mume wake ana kazi." Mama Scholastica, mwenyekiti wa jumuiya, aliandika: "Tumweke dada huyu kwenye maombi." Mmoja wa mama lishe akasema watu kama hao ndio wanaoharibu jina la mama lishe wote. Kisha binamu yake mmoja wa Kilosa akamuuliza moja kwa moja: "Hilda, hapo si Mikumi? Unamfahamu huyo mama?"

Hildegarda akaandika: "Simfahamu."

Akatuma, akabaki ameishika simu. Alikuwa amejikana mwenyewe, na hata jogoo hakuwika, maana jogoo pekee aliyekuwepo hapo alikuwa kwenye mchuzi. Akavua aproni, akamwachia Loveth jiko, akavuka hadi kibanda cha Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa fundi simu, mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na miwani aliyoivaa kwenye paji la uso. Yeye ndiye aliyemuuzia ile simu, na ndiye aliyemuuzia vocha kila siku.

"Nitoe," akasema Hildegarda, akiweka simu mezani.

"Nikutoe wapi?"

"Kote. Kwenye magrupu yote. Halafu nipe kitochi, kile cha kupiga na kupokea tu."

Mwinshehe akashusha miwani. "Mama Debora, umeibiwa? Umetapeliwa?"

"Hapana."

"Baba Debora ameona kitu humo ndani?"

"Mwinshehe, nyani kaniwekea mkono begani nikamsogezea kioo aone vizuri."

Hapo Mwinshehe hakuuliza tena. Naye alikuwa ameiona video, lakini hakujua kuwa aliyemo ni Mama Debora. Akamwonyesha pa kubonyeza. Simu ikauliza kama ana uhakika anataka kuondoka.

"Inaniuliza mimi au wewe ndiye unayeniuliza?"

"Wote wawili," akasema Mwinshehe.

Akabonyeza. Akaondoka ukoo, akaondoka kwaya, akaondoka harusi na misiba. Alipofika kwenye nukta alisita kidogo kwa ajili ya yule mtu wa waridi, kisha akaondoka huko nako. Mwinshehe alifungua simu, akatoa laini, akaijaribu kwenye kitochi. Ilikuwa imekatwa ndogo mno, ikadondoka ndani kama mbegu.

"Inahitaji kifuniko chake," akasema. "Nitakuletea kesho. Leo utakaa hivihivi."

Hildegarda akarudi jikoni mikono mitupu. Kidole gumba chake cha kushoto kiliendelea kusukuma hewa jioni nzima.

Huko Kimamba, Ditram alikuwa amekaa mbele ya duka lake la vipuri vya baiskeli simu ilipolia. Yeye ni mtu aliyechukulia usimamizi wa grupu kama watu wanavyochukulia uenyekiti wa kijiji. Aliandika "Asubuhi njema wanaukoo" kabla ya kunawa uso. Simu yake ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ikamwambia: *Hildegarda ameondoka.*

Akasoma tena. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye grupu la ukoo wa Haule. Watu walikuwa wamefariki na bado wako humo. Akampigia Hildegarda, simu haipatikani. Akampigia mdogo wake.

Stefano alikuwa mashineni, katikati ya mngurumo na vumbi la unga, mahindi yanashuka.

"Stefano! Mkeo ameondoka!"

"Nini?"

"Nasema mkeo a-me-o-ndo-ka!"

Stefano akaziba sikio la pili kwa kiganja. "Ameondoka? Ameondoka na nani?"

"Peke yake! Sasa hivi nimeona!"

"Ameaga?"

"Hajaaga mtu! Kaondoka kimyakimya! Nimempigia, kazima simu! Mlikosana?"

Mngurumo ukameza maneno mengine. Stefano akazima mashine, na wateja wakashangaa, maana haikuwahi kuzimwa na mahindi yamo ndani. Alisimama pale, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu. Akampigia mkewe mara nyingi, hapatikani. Hakuvua hata koti la kazi. Alipanda bodaboda hadi stendi, akapata gari la Mikumi lililokuwa limebakiza nafasi moja, akakaa kati ya mama mwenye kuku na mzee mmoja aliyemtazama kwa muda mrefu kisha akamuuliza kama amefiwa.

"Bado sijajua," Stefano akajibu, na hilo likamnyamazisha mzee hadi mwisho wa safari.

Njia nzima alikuwa akihesabu makosa yake. Akakumbuka simba wa mashineni, akaona labda ule utani ulimuudhi. Akakumbuka viatu alivyoahidi kushonesha.

Aliposhuka Mikumi alimkuta mkewe anapepeta mchele.

"Umerudi?" akauliza Stefano.

"Nimerudi kutoka wapi?" Hildegarda akashangaa. "Wewe ndiye uliyerudi, tena Jumatano. Na mbona umejipaka unga hivyo?"

Stefano akakaa kwenye benchi. Akamweleza. Hildegarda akamweleza. Ilipofika sehemu ya nyani, Stefano alijitahidi sana kutocheka, akashindwa, na unga ukawa unadondoka kutoka kwenye nyusi zake. Hildegarda alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi naye akacheka kweli. Wakasema, basi, yameisha.

Lakini jua lilipoanza kuzama ikaja jumuiya. Mama Scholastica alikuwa mbele na rozari, akifuatwa na akina mama wanaoimba kwa sauti ya chini. Walikuwa wamesikia kwamba Hildegarda amejitoa kwenye grupu, na kwa kuwa mwaka huo waumini kadhaa walikuwa wamehamia kwa nabii mmoja wa kwenye hema, wakajumlisha.

"Dada, kama umehama, tuambie tu," akasema Mama Scholastica akimshika mikono. "Ila kama ni mimi niliyekukwaza, naomba unisamehe. Najua maneno hufika. Nilisema maandazi yako yamepungua ukubwa. Nilisema mbele ya watu. Shetani alinipitia."

Hildegarda hakuwahi kuyasikia maneno hayo. "Mama Scholastica," akasema, "yamepungua kweli."

"Hata hivyo haikuwa vizuri kusema."

Wakasali rozari nzima, wakanywa chai, wakala yale maandazi bila kusema neno juu ya ukubwa wake.

Asubuhi iliyofuata ndiyo iliyokuwa kubwa. Shangazi yake Hildegarda, Raheli, aliolewa Mvumi na analima huko mpaka leo. Hakuwa na simu. Habari za dunia aliletewa na jirani yake mwenye simu, na jirani huyo alikuwa amepita shambani jioni ya Jumatano akamwambia kama alivyosikia: "Mama Raheli, Hildegarda wa Mikumi ameondoka. Ameondoka hata hakuaga."

Kwa mtu wa umri wa Shangazi Raheli, neno hilo likitamkwa kwa sauti ya chini lina maana moja tu. Akaangusha jembe.

Basi kulipopambazuka, wateja wakiwa wanapuliza uji, waliona gari limesimama na akina mama wanne wakishuka na mkeka, sufuria kubwa, na mfuko wa maharage, khanga wamejifunga kiunoni. Wa mbele alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwiii! Mwanangu Hilda! Mwanangu mimi, umeniacha na nani!"

Madereva wakavua kofia. Mmoja akasimama na kikombe mkononi akiuliza jirani yake ni nani aliyefariki. Hildegarda alisikia kilio kutoka jikoni, akaifahamu sauti, akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani kuna msiba nyumbani.

"Shangazi! Nani? Nani amekufa?"

"Hilda wangu amekufa!" akalia Shangazi, akamkumbatia ili walie pamoja. Wakalia hatua mbili tatu. Kisha Shangazi akanyamaza. Akasogea nyuma, akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Shikamoo, Shangazi," akasema Hildegarda, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba," akajibu Shangazi, kwa mazoea, kisha akampiga kofi la begani kwa nguvu zote za mkulima. "Mimi nimebeba sufuria kutoka Mvumi! Sufuria!"

Ilibidi akalishwe, apewe maji. Alipotulia aliinua mkono akamgusa mpwa wake shavuni, polepole, kama mtu anayepima unga. "Kumbe una mvi," akasema. "Kwenye zile picha wanazonionyesha huna mvi. Ni miaka mingapi hujaja Mvumi, Hilda? Kila mara naambiwa, huyu hapa, umemwona, mzima. Nami nasema, haya, nimemwona."

Hildegarda akavuta kilemba kufunika mvi. Picha hizo alikuwa akizituma kila Jumapili, na kila Jumapili aliamini ameshamsalimia shangazi yake.

Kabla ya saa sita Ditram naye akawa amefika kutoka Kimamba, suti ya kikao mwilini, pamoja na dada yao Irine. Hapo ikawa wazi kwamba haiwezi kuisha bila kikao. Meza mbili zikaunganishwa. Maharage ya msiba yakabandikwa, kwa kuwa yalikuwa yameshachambuliwa.

"Shemeji," akaanza Ditram baada ya kukohoa, "mtu haondoki kwenye ukoo bila sababu. Tumekuja kusikiliza. Nani amekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea."

"Sema tu, usiogope."

"Shemeji, nimechoka na simu. Basi. Kelele zimezidi. Nataka nikipika nipike, nikila nile."

Wakatazamana. Jibu hilo lilionekana jepesi mno kwa nauli waliyotumia. Kila mmoja akaanza kujishuku. Irine ndiye wa kwanza kuvunjika.

"Wifi, kama ni lile nililosema kwenye harusi, kwamba pilau lako lilikuwa kama la kulisha gereza…"

"Ulisema hivyo?"

"Hukusikia?"

"Ndiyo nasikia sasa."

Ditram akajifuta jasho. "Irine amekuwa mkweli, nami niseme. Huenda shemeji alisikia tuliyoyaandika kuhusu yeye kwenye lile grupu lingine."

Hildegarda akaacha kukoroga. "Grupu gani lingine?"

Ditram akafunga macho. Ikabidi aeleze. Kulikuwa na grupu la pili la ukoo, lililoitwa Haule Wenyewe, ambalo waliooa na walioolewa katika ukoo hawakuwemo, ili ndugu wawajadili kwa nafasi.

"Na Stefano yumo?"

Macho yote yakamgeukia Stefano, aliyekuwa bado na unga masikioni.

"Nimo," akasema. "Lakini sijawahi kuandika. Walipokusema nilikuwa nikizima."

Shangazi Raheli, ambaye hakuelewa nusu ya mambo hayo, alisonya. "Kwa hiyo mna nyumba mbili, moja ya kumpokea mtu na moja ya kumsengenya, na aliyetoka ndiye mnayemfanyia kikao?"

Kisha Stefano, mtu asiyependa kusema mbele ya watu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nami nina langu," akasema. "Lakini si la kukukosea. Hilda, mwaka jana nilikuja nikakwambia kwamba kuna mtu hapa Mikumi amenunua mashine, anatafuta mwendeshaji, nikakuuliza nihamie tukae pamoja? Ukasema, 'Waambie watume picha.' Nikadhani hutaki."

Mwiko ukabaki hewani. Hildegarda alijaribu kukumbuka siku hiyo, mahali walipokaa, sura yake alivyouliza. Hakukumbuka chochote. Angeweza kukumbuka keki tatu za siku hiyo.

"Sikukusikia," akasema. "Stefano, wallahi, kama Mwinshehe anavyosema, sikukusikia kabisa."

"Ndiyo maana ya simba," akasema Stefano.

"Simba gani?"

Akamweleza, mbele ya kikao, habari ya simba aliyesaga madebe mawili, na jinsi alivyojibiwa kwamba Mungu ni mwema. Irine ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia Ditram, na mwishowe Shangazi Raheli alicheka mpaka akalala kwenye mkeka wake wa msiba. Maharage yakaungua kidogo chini, wakala hivyohivyo.

Frank dereva alipita wiki iliyofuata. Kwanza aliegesha mbali, akatuma mtu kununua. Hildegarda akamfuata mwenyewe hadi kwenye lori. Frank akashuka na maneno mengi ya kuomba radhi, kwamba hakujua ingefika mbali, kwamba hata mke wake mwenyewe alimtumia video hiyohiyo.

"Ungeniita kwanza," akasema Hildegarda, "halafu ndiyo urekodi."

"Mama Debora, uliitwa. Loveth aliita mara mbili."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo akampa chapati.

Isidhaniwe kwamba kuanzia hapo ilikuwa raha tupu. Mwinshehe alileta kifuniko cha laini, kitochi kikaanza kazi, na siku za kwanza Hildegarda aliona muda umekuwa mrefu kama barabara ya Kilosa wakati wa masika. Maji yalikatwa naye hakuwa na habari, akaamka na ndoo tupu. Kubwa zaidi lilikuwa la Malolo. Samson, binamu yake Stefano anayelima vitunguu huko, alikuwa anamwoza binti yake. Hildegarda aliishika tarehe aliyoambiwa, akavaa kitenge kipya, akajipaka mafuta, akafika Malolo na zawadi kichwani, na kumkuta baba wa bibi harusi shambani, amevaa kaptura, anamwagilia.

"Shemeji!" Samson akapigwa na butwaa. "Si tumeahirisha? Padri anaumwa. Tuliandika kwenye grupu!"

Hildegarda alivua viatu vya harusi. Gari la kurudi lilikuwa mpaka alasiri, basi akaazima khanga, akakaa na akina mama kukata majani ya vitunguu. Bibi harusi mwenyewe alikuwepo, na huko shambani, macho yakiwawasha wote wawili kwa vitunguu, msichana akamwambia habari za mchumba wake, nzuri na zenye mashaka, mambo ambayo hayaandikwi kwenye grupu la kamati. Hildegarda akamwambia aliyoyajua kuhusu ndoa. Alirudi nyumbani ananuka vitunguu hadi kwenye hereni, na hasira imebaki.

"Kesho naifuata simu yangu kwa Mwinshehe," akamwambia Stefano.

Stefano, ambaye safari hii alikuwa amekuja katikati ya wiki, hakubishana. Alimpigia Ditram papo hapo, akamwambia kwamba kuanzia leo jambo lolote la maana, harusi, msiba, mgonjwa, atapiga simu, kwa mdomo. Ditram alilalamika kwamba hiyo ni kazi kubwa. Lakini alianza. Akagundua kwamba ukilazimika kumpigia mtu na kusema, mambo ya maana yanageuka kuwa machache sana. Siku nyingine alipiga akasalimia, akakaa kimya, akakiri kwamba hakuwa na habari yoyote, wakaongea mambo ya mvua.

Yule mwenye mashine ya Mikumi alikuwa ameshapata mtu, lakini mtu huyo hakudumu, vumbi lilimshinda. Kabla ya mahindi mapya kuvunwa Stefano alihamisha godoro lake na redio. Siku hizi anakula chapati za kwanza asubuhi, na akizungumza anaulizwa maswali, jambo ambalo mwanzoni lilimchosha kidogo, maana alikuwa amezoea kusema chochote.

Hivi karibuni Ditram alipiga tena, sauti ameishusha kana kwamba yuko kanisani.

"Shemeji, uko peke yako?"

"Niko na Stefano. Kuna nini?"

"Hakuna kibaya. Nilitaka tu kuuliza… ile siku, ulibonyeza wapi?"

Hildegarda akakaa. "Shemeji! Wewe si ndiye msimamizi?"

"Ndiyo maana. Nina magrupu kumi na mawili, Mama Debora. Mke wangu ameniambia nikisema 'asubuhi njema wanaukoo' kabla sijamwambia yeye, atarudi kwao Kilosa. Lakini naogopa. Nikiondoka mimi, si watakuja wote?"

"Watakuja."

"Watadhani nimekufa."

"Wengine watadhani hivyo. Shangazi Raheli ana sufuria tayari."

Ditram akapumua kwa muda mrefu kwenye simu. "Sasa nifanyeje?"

"Kwanza nunua maharage," akasema Hildegarda. "Debe zima. Halafu ndiyo ubonyeze."